Siku tano kuwatafuta wenyewe wa Changuu

Alhamisi: Mkoani, Pemba, hadi Malindi, Unguja

Boti ya leo haikungoja mtu. Saa moja na nusu king'ora kikalia, na mama mmoja aliyekuwa bado anabishana na mchukuzi juu ya magunia yake mawili ya mbata ikabidi akubali bei ile ile aliyoikataa robo saa nzima.

Nasafiri na mtoto wa kaka yangu. Ana miaka kumi na moja, skuli wamefunga, na wiki ya tatu hii hana neno ila gereza. Aliona kwenye simu ya mwenzake watu wanaokesha katika magereza mabovu ya Ulaya, taa zimefungwa vichwani, wanawinda mizuka. Akauliza kama na sisi tunalo la kwetu. Mtu akamjibu kwamba liko, Unguja, katika kisiwa cha Changuu, na usiku minyororo inasikika ikiburuzwa. Tangu siku hiyo hatukulala.

Mimi nina safari yangu ndani ya safari yake. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na msemo ambao sijausikia nje ya nyumba yetu. Mtu akinuna akajifungia chumbani, bibi husema, "Mwacheni, yupo Changuu huyo." Nikiwa mdogo nilidhani anamtaja samaki changu, na nikawa sielewi samaki na kununa vinahusiana nini. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kuwa baba yake bibi alikuwa baharia wa jahazi, na msimu mmoja wa kaskazi, walipofika kutoka Bara Hindi, hawakuachiwa kushuka mjini. Wakashushwa Changuu, karantini, siku kumi na nne. Nyumba wanaiona, hawaifikii.

Tulipoukaribia mkondo wa Nungwi, boti ikaanza kuinama huku na huku, na kelele za abiria zikapungua zenyewe. Hapana aliyetoa amri. Waliokuwa wanacheka wakaacha, mzee mbele yetu akatoa tasbihi mfukoni. Mpemba haelezwi sababu. MV Spice Islander ilizama pande hizi usiku wa Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kurudi kwetu, na sijui nyumba ya Pemba ambayo haikupeleka mtu kwenye matanga wiki ile. Mtoto alikuwa hajazaliwa. Akaniuliza kwa nini watu wamenyamaza. Nikamwambia, "Pana wenyewe hapa." Akatazama maji, akatafuta wenyewe hao, hakuwaona.

Baada ya Tumbatu, mji ukaanza kuonekana, na upande wa kulia kisiwa kidogo chenye miti mingi na mapaa mekundu. Nikamwonyesha. "Ndilo lile?" Uso ukamwanguka. Alitarajia ngome juu ya jabali na mawingu meusi, akaona pahala pa watu kuja kuogelea.

Tumefikia Kikwajuni kwa binamu yangu. Chakula cha usiku wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Samaki gani? Changu. Nikacheka peke yangu, wakanitazama.

Ijumaa: mjini

Upepo. Nahodha tuliyeagana naye kwa simu akasema leo hachukui mtoto wa watu, tuje kesho. Basi tukaingia Mji Mkongwe kwa miguu.

Ngome Kongwe kwanza. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kumtoa Mreno mwaka 1698, na katika karne ya 19 ilikuwa gereza. Waliohukumiwa kufa waliuliwa nje ya ukuta wake wa mashariki. Sasa ndani pana maduka ya picha za Tingatinga na kanga, na jukwaa la muziki. Nikamwambia mtoto: watu walifungwa hapa, na si hadithi. Akaangalia upande huu na huu, akauliza, "Mbona hapatishi?" Muuza vinyago aliyesikia akacheka mpaka akakohoa.

Swali lake limenikaa. Kinachofanya pahala patishe ni nini? Mwaka 1995 nilikuwa kama umri wake, popobawa, jini la usiku, aliposhika Pemba na Unguja. Tulilala nje, ukoo mzima, mikeka imepangwa uani na moto umewashwa. Sikumwona popobawa, na jirani zetu hawakumwona, lakini hofu ile niliigusa kwa mkono. Naijua hofu isiyo na mwili.

Mkunazini hatukukaa sana. Soko la watumwa lilifungwa mwezi Juni 1873, baada ya Seyyid Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na kanisa la Anglikana likajengwa pale pale, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere. Wageni hushushwa kwenye vyumba viwili vya chini, dari fupi, mtu mzima huwezi kusimama. Wapo wanahistoria wanaobisha kwamba vyumba hivyo ni vya baadaye, vya wakati wa wamisionari. Ubishi huo sina uwezo wa kuukata. Soko lenyewe halina ubishi. Mtoto alitoka mbio akasema joto.

Sala ya Ijumaa, kisha usingizi. Jioni Forodhani tukala urojo, mtoto akadai uliozidi ndimu, akalia machozi, akamaliza bakuli.

Jumamosi: Changuu

Bahari leo kama mafuta kwenye sahani. Mashua ni ya mbao, ina turubali la kivuli na mashine moja nyuma inayokohoa kabla ya kukubali. Nahodha ni mzee wa makamo, kofia imekolea jasho. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza, "Mwanangu, mnatoka Pemba mje kutazama kobe?" Nikamwambia kobe na gereza. "Ahaa," akasema, na sauti ikabadilika, ikawa nzito ya kazi. "Gereza lile, bibie, usiku hapalali mtu." Mtoto akamsogelea.

Njiani akatuonyesha Chapwani, ambako kuna makaburi ya mabaharia wa Kiingereza. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliivizia Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga mbele ya mji kwa matengenezo, ikaipiga kwa mizinga ikazama. Baadhi ya waliokufa wamezikwa kisiwani hapo. Mtoto akauliza kama pale pana mizuka. Nahodha akafikiri. "Pale? Hapana. Pale pana popo." Nikaliweka neno hilo mfukoni.

Safari ni kama nusu saa, kisiwa kiko kilomita tano na ushei kutoka mjini. Tulishukia majini, maji ya magotini, na mimi kwa kujifanya kijana nikaruka kabla ya wimbi kurudi. Kanga ya chini ikalowa yote. Siku nzima nimetembea nikichuruzika kama niliyetoka kuokota chaza.

Gereza, basi. Lilijengwa mwaka 1893. Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la maji la Kiingereza aliyepanda mpaka akawa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa kwa niaba ya serikali akajenga jela ya wahalifu. Kuta nene, vyumba vimeuzunguka ua, madirisha ya nondo. Kazi ikakamilika, na mfungwa hakuletwa hata mmoja. Jengo likageuzwa karantini ya homa ya manjano. Hayo yameandikwa, si siri, na kila anayetembeza wageni anayajua.

Bibi alitufundisha kupiga hodi ukiingia pahala pa kale, hata kama ni pagofu na mbuzi wamelala ndani. Mlangoni mwa chumba cha mwanzo nikasema, "Hodi wenyewe." Mtoto alikwisha kuwasha kamera ya simu.

Nilipima kwa hatua: nne kwenda mbele, tatu kando. Chokaa imebanduka pahala pengi, na chini yake jiwe la matumbawe liko wazi, vitundu vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Nikaweka kidole katika kimoja. Ni nyumba ya mdudu wa bahari aliyekufa zamani mno, kabla hajazaliwa mtu wa kufikiria gereza. Nondo za dirisha zimeliwa na chumvi zikawa nyembamba katikati, ukizigusa mkono unatoka na unga mwekundu. Nikatafuta alama za mfungwa anayehesabu siku, vile vijiti vinne na cha tano cha kuvikata. Hamna. Walioandika ukutani ni wapenzi, majina mawili mawili na moyo, na mmoja aliyeweka namba ya simu.

Hapo ndipo sauti ilipopasua. Kilio kirefu, cha juu, kama mtoto mchanga anayeitwa na mtu asiyemjua. Simu ikaanguka, na mtoto wa kaka yangu, mshujaa wa wiki tatu, akaingia ndani ya kanga yangu mbichi. Na mimi, nisiseme uongo, moyo ulinipanda hadi kooni. Kikalia tena, karibu zaidi. Kisha akapita mbele ya mlango, shingo ya buluu, mkia anauburuza kwenye vumbi kama bibi harusi: tausi. Kisiwa kinao. Akatutazama kwa dharau akaenda zake.

Tulipotoka, nahodha alikuwa amekaa kivulini. Nikamweleza, akacheka, na ile sauti ya kazi ikamwishia. "Sasa nikwambie, mwanangu. Mimi huwaambia wageni minyororo. Zamani nilikuwa nawaambia kweli, kwamba hapa hakufungwa mtu. Mgeni uso unambadilika kama aliyenunua samaki akafika nyumbani akakuta miba mitupu. Basi nikaona nimpe kitoweo." Sikumlaumu. Ana watoto wa kulisha. Lakini nilimuuliza kwa nini asiwape habari za karantini. Akapunguza sauti, akasema, "Wagonjwa hawauzi."

Kobe niwaseme upesi, maana wao wamesemwa sana. Wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli, aina ya kobe wakubwa wa Aldabra. Wakazaana, kisha wakaibwa na kuuzwa, mpaka mwaka 1996 wakabaki saba tu, ndipo ulinzi ukakazwa. Migongoni wameandikwa umri kwa rangi. Mtoto alimlisha mmoja mchicha, akamkuna shingo, na kobe akainuka kwa miguu minne polepole kama mzee anayeinuka kwenye msala. Kwa dakika hizo gereza lilisahauliwa kabisa.

Nikamwacha huko na nahodha, nikenda upande wa nyumba za karantini.

Huku hakuji watu. Nimekaa kwenye kizingiti, kanga inakauka kwa jua, mbele yangu mji wote wa Unguja umelala juu ya maji, meli bandarini, mapaa ya mabati yanametameta. Karibu hivyo. Vyombo vilivyotoka nje vilisimamishwa hapa, abiria na mabaharia wakazuiliwa wiki moja au mbili, wakaangaliwa kama homa itawatoka au la. Wakati wake ulikuwa Disemba hadi Machi, msimu wa kaskazi unaoleta majahazi. Na miezi mingine kisiwa kilikuwa pahala pa mapumziko. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilirudia sentensi. Mwezi wa Februari baba yake bibi ameketi hapa anaogopa kila akikohoa, mwezi wa Julai watu wengine wamekuja kuota jua.

Na kabla ya jela, katika miaka ya 1860, Seyyid Majid alikitoa kisiwa hiki kwa Waarabu wawili, na wao wakakitumia kuwafungia watumwa wakaidi. Kwa hiyo waliozuiliwa Changuu walikuwako kabla ya jengo, na walikuwako baada ya jengo kukosa wafungwa. Mzuka amepewa pale katikati, kwenye jengo la mfungwa asiyekuja. Kuta zenyewe zinafanana na zile za kwenye simu, nadhani ndiyo maana. Watumwa wale hawakuachiwa ukuta wa kupigia picha.

Nilikuwa namwombea baba yake bibi Fatiha na sijamaliza, mtoto akaja anakimbia. "Shangazi, yule kobe kanyea kiatu cha mzungu!"

Jumapili: Mangapwani

Gari ya Bumbwini kutoka mjini, tumebanana, ndoo ya dagaa miguuni mwangu. Tukashuka, tukatembea kwenye njia ya vumbi kati ya minazi na jiwe la pwani lenye ncha kali, mtoto analalamika kwamba hapa nako pana nini.

Pana shimo. Baada ya 1873 biashara ya watumwa baharini ilipokatazwa, haikufa, ilijificha. Hapa, karibu mwaka 1880, tajiri mmoja, Mohammed bin Nasor al-Alwi, alichimbisha chumba ndani ya jiwe, kikaezekwa, ili watu wafichwe mpaka chombo kipatikane usiku. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Kwa mbali huoni kitu. Unaona majani na mwinuko mdogo wa mawe, kisha ngazi zinazoshuka.

Mtunzaji wa pale hakusimulia minyororo. Alisema, "Shukeni taratibu, ngazi zinateleza," basi. Chini hewa imesimama. Si baridi ile ya filamu, ni joto, joto la mkono uliofunika mdomo. Nyayo zetu hazikutoa mwangwi wowote, udongo unazila. Nilisema hodi kwa sauti ndogo, na nikajisikia mpumbavu, maana hodi hupigwa mwenye nyumba, na waliokaa hapa haikuwa nyumba yao. Mtoto alikuwa na simu mkononi. Hakuiwasha. Akashika ukuta kwa kiganja chote, akakiondoa, akakitazama.

Tulipopanda juani akauliza, "Walikuwa wanakwenda choo wapi?"

Sikumjibu. Maswali yote aliyoniuliza tangu Mkoani, hilo ndilo la mtu mzima.

Pango la maji liko mbali kidogo kusini. Hadithi yake ni kwamba kijana mtumwa wa Hamed bin Salim el-Harthy alipotelewa na mbuzi, akawasikia wakilia chini ya ardhi, akafuata sauti akakuta maji matamu. Leo palikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mzizi na harufu ya ubani wa jana au juzi. Mtu kaja na haja yake. Hatukugusa, hatukupiga picha. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeninong'oneza, "Hapa pana wenyewe, au siyo?"

Kurudi, gari iliharibika kabla ya Bububu, tukangoja saa nzima tukila muhogo wa kuchoma wa kando ya barabara. Muhogo ulikuwa mzuri.

Jumatatu: kurudi

Malindi asubuhi, msongamano wa magodoro, ndoo za plastiki na televisheni iliyofungwa kwa kanga. Binamu ametupa boflo nne na maagizo yasiyoisha.

Boti ilipoipita Changuu mtoto hakuinuka kutazama. Alikuwa anairudia video yake ya gerezani na bibi kizee mmoja wa Chake aliyekaa kiti cha pili. Sauti yangu ikatoka kwenye simu: "Hodi wenyewe." Kisha upepo, upepo mrefu, tausi, na kishindo cha simu kuanguka.

Bibi akauliza, "Nani huyo anayepiga hodi?"

"Shangazi."

"Akaitikiwa?"

Mtoto akarudisha video nyuma, akaiweka simu sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Bibi akasema tausi nao haramu ile sauti, akafungua mkoba akampa kashata.

Tumbatu ikapita. Mbele maji yakaanza kubadilika rangi, na boti ikainama mara ya kwanza. Mtu wa nyuma alikuwa anasimulia harusi, akaishia njiani. Mtoto alikuwa na kashata nusu mdomoni. Akazima simu, akaitia mfukoni, akatazama maji upande wa Nungwi, midomo yake ikawa inacheza. Sikusikia anasema nini.